Jina Husomwa Mwisho

Upanga wa kwanza wa kale wa Kijapani niliowahi kuumiliki niliununua kwa sababu ya jina lake. Ulikuwa wakizashi, yaani upanga mfupi ambao samurai aliuvaa ubavuni pamoja na ule mrefu, na kwenye msuka wake, ile sehemu ya chuma inayozama ndani ya mpini, palikuwa pamechongwa herufi za Nagasone Okisato Nyudo Kotetsu. Nilikuwa nimesoma kiasi cha kujua kwamba Kotetsu alianza kazi akiwa fundi wa deraya huko Echizen, kwamba alihamia Edo, Tokyo ya leo, katikati ya karne ya 17 akiwa tayari mtu wa makamo, na kwamba panga alizofua baada ya hapo zilimpa sifa isiyochuja hadi leo. Sikuwa nimesoma kiasi cha kujua kwamba wakusanyaji wa Japani wana usemi wa zamani unaoshauri kwamba ukiona upanga wa Kotetsu, uuhesabu kwanza kuwa ni bandia.

Mzee aliyenionyesha kosa langu hakulisoma hilo jina hata kidogo. Aliufunga msuka kwa kitambaa, akausimamisha upanga mbele yake kwa urefu wa mkono, akautazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, kisha akaniuliza mpindo wake ulikuwa umekolea wapi: karibu na mpini, katikati, au karibu na ncha. Nilijibu kwamba ulikuwa umekolea kuelekea ncha. Akasema basi, hapo tumekwisha kupata jibu, kwa sababu mpindo wa namna hiyo, ambao Wajapani huuita sakizori, ni wa enzi ya Muromachi (karne ya 14 hadi ya 16), miaka mia moja hivi kabla Kotetsu hajafua upanga wake wa kwanza, ilhali panga za wakati wa Kotetsu mwenyewe, hasa zile za miaka ya Kanbun kuanzia 1661 hadi 1673, zinajulikana kwa kunyooka hata zikakaribia kukosa mpindo, na kwa upana wake kupungua kuelekea ncha ndogo. Jina lilidai jambo moja na umbo likadai jingine, na kati ya hayo mawili ni jina tu linaloweza kuongezwa na mtu yeyote mwenye patasi na nyundo.

Huo ndio msingi wa kantei, sanaa ya kuutambua upanga kwa kuutazama. Katika vikao vya mafunzo, panga huwekwa mezani misuka yake ikiwa imefunikwa, na kila mshiriki huandika kwenye karatasi jina la mhunzi anayemdhania; anayemtaja mhunzi mwenyewe hujibiwa atari, na anayemtaja mtu wa ukoo uleule wa kazi, aliyekaribiana naye sana, hujibiwa dozen, jibu linalohesabika karibu sawa na kupatia. Anayeketi katika kikao kama hicho kwa mara ya kwanza huhisi kwamba amefumbwa macho. Ukweli ni kwamba amefumbuliwa, maana kilichofunikwa ni kile kimoja ambacho kingemfanya asitazame vingine vyote.

Kutazama huanza na umbo. Urefu hupimwa kwa shaku, ambayo ni sentimita 30.3: chini ya shaku moja ni tanto, kati ya moja na mbili ni wakizashi, na kuanzia mbili kwenda juu ni katana au tachi. Hizi mbili za mwisho hazitofautishwi na urefu bali na namna ya kuvaliwa, kwa kuwa tachi ilining'inizwa kiunoni makali yakielekea chini, na katana ilichomekwa kwenye mshipi makali yakielekea juu. Kwa kawaida mhunzi alichonga jina lake upande utakaotazama nje upanga ukiwa umevaliwa, kwa hiyo hata kabla ya kujua herufi zinasema nini, upande zilipo hudokeza upanga ulikusudiwa kuvaliwa vipi.

Umbo pia ni kalenda. Tachi za mwishoni mwa enzi ya Heian na mwanzoni mwa Kamakura, yaani karne ya 12 na mwanzo wa ya 13, ni nyembamba, zimepinda sana karibu na mpini na zina ncha ndogo. Zile za katikati ya karne ya 14 ni ndefu na pana, na ncha zake ni kubwa kupita kiasi. Za Muromachi ya mwisho ni fupi, zenye msuka mfupi wa kushikwa kwa mkono mmoja. Kisha huja ule unyofu wa Kanbun niliokwisha kuutaja. Wajapani huziita panga za kabla ya 1596 koto, zinazofuata shinto, na za kuanzia 1781 hadi amri ya 1876 iliyokataza watu kuvaa panga hadharani huitwa shinshinto. Kundi hili la mwisho ndilo linalowatega wengi, kwa sababu wahunzi wake walirudi kwa makusudi kwenye maumbo ya Kamakura na karne ya 14. Hapo mkono husaidia kuliko jicho. Upanga wa miaka mia saba uliokwisha kunolewa na kung'arishwa mara nyingi umepoteza nyama yake, nao huwa mwepesi na mwembamba kuliko ulivyotoka kiwandani kwa mhunzi, ilhali wa karne ya 19 bado ni mzito na mnene hadi kwenye mgongo wake.

Baada ya umbo hufuata chuma chenyewe. Upanga wa kweli hufuliwa kwa tamahagane, feleji inayopatikana kwa kuyeyusha mchanga wa chuma kwa makaa katika tanuri la udongo liitwalo tatara, na tanuri la namna hiyo bado huwashwa huko Okuizumo, mkoani Shimane, ambako kazi hiyo ilifufuliwa mwaka 1977. Feleji hukunjwa na kufuliwa tena na tena, na mikunjo hiyo huacha juu ya bapa mishipa kama ya ubao uliorandwa: mingine hufanana na nyuzi za mbao zilizonyooka, mingine na zilizojipinda, mingine na mafundo ya mti. Upanga usio na mishipa yoyote huenda umefuliwa kwa mikunjo laini mno kuonekana, au umechoka, au haukukunjwa kamwe, na kuyapambanua hayo matatu kunahitaji kuwa umeshika panga nyingi nzuri. Picha hazitoshi. Nimewahi kukesha nikilinganisha picha, na asubuhi nikajikuta sijui zaidi ya nilivyojua jioni.

Hamon, mchoro mweupe unaokwenda sambamba na makali, ndicho kitu ambacho mgeni hukiona kwanza na ambacho bandia hukiiga kwanza. Mhunzi huupaka upanga udongo, mnene mgongoni na mwembamba makalini, huupasha moto hadi uwe mwekundu, kisha huutosa majini; makali hupoa upesi na kuwa magumu, mgongo hupoa polepole na kubaki na unyumbufu, na mpaka kati ya hayo mawili ndio hamon. Mpaka huo ni wa chembechembe. Zile kubwa zinazoonekana kwa macho, kama umande ulioangukia utando wa buibui, huitwa nie, na zile ndogo zinazoonekana kama ukungu tu huitwa nioi. Ukiuelekeza upanga kwenye taa moja na kuuinamisha taratibu, chembe hizo huwaka na kuzimika ndani ya chuma, lakini mchoro uliotengenezwa kwa tindikali hubaki juu ya uso, mweupe wa kufifia, usio na chembe hata uuinamishe vipi. Kotetsu anajulikana kwa hamon inayofanana na shanga za tasbihi zilizopangwa, juzuba. Kwenye wakizashi wangu palikuwa na mawimbi yenye vilele vilivyochongoka hapa na pale, alama inayohusishwa na wahunzi wa Mino, mojawapo ya mapokeo matano makuu pamoja na Yamashiro, Yamato, Bizen na Soshu. Ushahidi wa pili ukawa umesimama upande wa umbo.

Ndipo tukaufungua msuka, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana sehemu hii isiyoonekana upanga unapovaliwa ndiyo iliyo na mengi zaidi ya kusema. Kwa desturi msuka haung'arishwi. Kutu yake huachwa ijijenge yenyewe kwa karne nyingi, na rangi yake hukolea kadiri miaka inavyopita: kwenye panga za kale huwa ya kahawia iliyokaribia weusi, laini, yenye kung'aa kwa mbali kama mbao iliyoshikwashikwa, na kwenye panga za karne ya 19 mara nyingi bado huwa na wepesi fulani. Kutu iliyolazimishwa kwa kemikali ni ya rangi ya chungwa au nyekundu, ina magamba, na imeenea sawasawa mno, hata mahali ambapo mpini ungeikinga. Tundu la kigingi nalo lina habari zake. La zamani lilitobolewa kwa kupigwa, kwa hiyo si duara kamili na kingo zake si kali, na tundu lililotobolewa kwa keekee ni la baadaye. Matundu mawili au matatu kwa kawaida humaanisha kwamba upanga ulipunguzwa urefu au ulibadilishiwa mpini.

Kisha zipo alama za tupa. Kila ukoo wa wahunzi ulimalizia msuka kwa kupiga tupa kwa namna yake, ikiwa ni mlalo, mteremko au mikato miwili inayopishana, na mhunzi hakubadilisha jambo hilo ovyo kama vile mtu asivyobadilisha mwandiko wake. Kwenye msuka wangu alama zilishuka kutoka pande mbili na kukutana kwenye mstari wa katikati kama unyoya wa kipanga, mtindo unaoitwa takanoha, ambao huonekana sana Mino. Na herufi za jina, zilipotazamwa kwa kioo cha kukuzia, zilikuwa na kutu changa ndani ya mikato yake, huku kutu ya zamani iliyozizunguka ikiwa imevunjika kingoni, pale patasi ilipopita. Kwa maneno mengine, mhunzi asiyejulikana wa Mino alifua upanga halali kabisa, akautoa bila jina au kwa jina ambalo baadaye liliondolewa, na mtu mwingine akaja, pengine miaka mia mbili au zaidi baadaye, akamsingizia Kotetsu.

Jina la uongo, gimei, si jambo la nadra, wala si kazi ya walaghai wa leo pekee. Lilichongwa tangu zamani kwa ajili ya zawadi, mikopo na heshima ya nyumba. Na upande wa pili wa shilingi ni kwamba kukosa jina si aibu. Tachi nyingi za Kamakura zilikatwa kutoka chini ili zivaliwe kama katana, na kwa kukatwa zikapoteza misuka yake pamoja na majina, hali iitwayo o-suriage. Wenye kujali waliuacha mkato wenye jina na kuukunjia upande wa pili, au walikitoa kipande kilichochongwa jina na kukipachika upya katika msuka mpya, ingawa hayo nayo yameigwa. Masamune, ambaye huenda ndiye mhunzi maarufu kuliko wote, ana kazi chache mno zenye jina lake, na nyingi ya zile anazotajwa kuzifua hazina maandishi yoyote. Kwa hiyo nikipewa nichague kati ya upanga usio na jina wenye chuma kizuri na upanga wenye jina kubwa lenye mashaka, sisiti.

Panga za kijeshi za vita vya karne ya 20 nitazipitia kwa haraka, ingawa ndizo zinazopatikana zaidi nje ya Japani. Ule wa maofisa wasio na kamisheni, kama masajenti, wa mfano wa mwaka 1935 ulitengenezwa kwa mashine, una namba iliyopigwa kwenye bapa, na si upanga wa kisanaa. Wa maofisa wenye kamisheni unaweza kuwa na bapa lililozimishwa kwa mafuta badala ya maji, lenye mhuri mdogo kwenye msuka, lakini pia unaweza kuficha ndani ya mpini wa kijeshi bapa la kale la familia, kwa hiyo usiupuuze kabla ya kuufungua.

Vyeti vinasaidia, mradi ujue kila kimoja kinathibitisha nini. Kadi ya usajili inayofuatana na upanga nchini Japani, torokusho, huandika urefu, mpindo, idadi ya matundu na maandishi ya msuka, na maana yake ni kwamba upanga unamilikiwa kihalali. Haisemi kwamba jina ni la kweli. Kadi ya Kotetsu wa uongo itanukuu neno Kotetsu bila kusita. Anayetaka kuutoa upanga nje ya Japani huhitaji pia kibali cha Idara ya Utamaduni ya nchi hiyo, na hazina za taifa hazitoki. Hukumu juu ya uhalisi hutolewa na vyama vya wataalamu, na kinachotegemewa zaidi ni NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za kisanaa za Kijapani, kilichoanzishwa mwaka 1948 baada ya kipindi ambacho panga nyingi zilikusanywa na kuharibiwa chini ya majeshi yaliyoikalia nchi. Tangu 1982 chama hicho hutoa vyeti vya daraja nne, kuanzia Hozon, Tokubetsu Hozon na Juyo hadi Tokubetsu Juyo. Vyeti vyake vya kabla ya hapo, hasa vya kijani vilivyotaja majina makubwa, havichukuliwi tena kuwa neno la mwisho, na mnunuzi makini huomba upanga upelekwe upya.

Kabla ya bei kuzungumzwa, tafuta ufa. Kuna dosari zinazovumilika, kama tundu dogo au kiraka cha chuma kilichofukiwa, na kuna hagire, ufa mwembamba kama unywele unaokatiza makali, ambao karibu kila mara humaliza thamani ya upanga. Hauonekani usipoyapitisha makali polepole mbele ya taa, kutoka mpini hadi ncha, pande zote mbili. Tazama pia kama hamon inafika kwenye ncha na kugeuka kuelekea mgongoni. Ikiishia hewani, ncha ilivunjika na kuchongwa upya. Na upanga uliounguzwa na moto wa nyumba kisha ukazimishwa majini upya mara nyingi huonyesha kivuli chepesi cha mshazari kikianzia pale makali yanapoanza, karibu na mpini.

Kuhusu utunzaji, makosa niliyoyaona mara nyingi zaidi ni ya watu wenye bidii. Msuka usisafishwe kwa msasa, kwa siki, kwa brashi ya waya, wala kwa dawa ya kuondoa kutu. Kutu ile ni nusu ya ushahidi wote nilioueleza hapo juu, na ikiondoka hairudi katika maisha ya mtu yeyote aliye hai. Bapa nalo lisinolewe wala kung'arishwa nyumbani. Mng'arishaji wa Kijapani, togishi, hujifunza kwa takribani miaka kumi, hupitia mfululizo wa vinoo kuanzia vya kukwaruza hadi vijiwe vyembamba kama karatasi vinavyosuguliwa kwa ncha ya kidole gumba, na hata akiwa stadi kila kazi yake huondoa chuma kidogo. Upanga una kazi chache tu za namna hiyo katika uhai wake kabla ganda la nje halijaisha na kiini laini hakijachomoza.

Kazi ya mwenyewe ni ndogo mno. Upanga huchomolewa makali yakitazama juu, ukilalia mgongo wake, ili ala isikatwe wala bapa lisikwaruzwe. Kigingi cha mwanzi husukumwa nje, mpini huondolewa, kisha mafuta ya zamani hufutwa kwa karatasi laini ya washi au kitambaa safi, kuanzia upande wa mgongo, mkono ukielekea ncha na kamwe usirudi nyuma. Unga wa kinoo uliofungwa katika hariri, uchiko, hugongwagongwa juu ya bapa ili unyonye mafuta yaliyobaki, lakini mimi huutumia kwa nadra, kwa sababu ule duni una chembe kali, na hata ulio mzuri huacha mikwaruzo midogo ukitumika miaka mingi. Mwisho hupakwa utando mwembamba sana wa mafuta, usioacha matone. Mafuta hayo huitwa choji abura, na choji ni karafuu. Siku hizi kiini chake mara nyingi ni mafuta ya madini, na harufu ya karafuu imebaki kidogo tu. Kidole kisiguse bapa, kwa kuwa jasho huacha alama ya kutu ndani ya muda mfupi, na kuongea juu ya upanga ulio wazi huurushia mate, ndiyo maana wenye adabu ya kazi hii hunyamaza.

Bapa linalohifadhiwa kwa muda mrefu huwekwa katika shirasaya, ala nyeupe isiyopakwa rangi, ya mti wa honoki, iliyogundishwa kwa uji wa wali ili iweze kupasuliwa na kusafishwa ndani. Ala moja hutengenezewa upanga mmoja, na kuazima ya mwingine ni kutafuta mikwaruzo. Mpini wa fahari uliofunikwa kwa ngozi ya samaki aitwaye taa na kufungwa nyuzi za hariri, pamoja na ngao yake ya mkono, huhifadhiwa kando ukiwa umeshikizwa kwenye bapa la mbao. Upanga hulazwa, makali juu, mahali pakavu pasipo joto la ghafla, na usifungiwe katika ala ya ngozi, kwa maana ngozi hushika unyevu.

Wakizashi wangu bado ninao. Mzee alinieleza kwamba NBTHK haitoi cheti kwa upanga wenye jina la uongo, na kwamba baadhi ya wamiliki huliondoa jina hilo kwa tupa, hukipaka kidonda kile rangi ya kutu, na kuupeleka upanga kama usio na jina. Nimelifikiria jambo hilo mara kadhaa. Kila nikiutoa mpini naona kwamba kulifuta Kotetsu la uongo ni kuzifuta pia alama za tupa zilizo chini yake, zile za unyoya wa kipanga, ambazo ndizo saini pekee ya kweli aliyoiacha mhunzi yule. Kwa hiyo nimeliacha lilivyo, na kwenye kipande cha karatasi kilichomo ndani ya mfuko wa hariri nimeandika kwa penseli: wakizashi, Mino, Muromachi ya mwisho, jina si lake.